Vidonge vya damu nameza, damu haipandi. Nile nini?

Mpika Mahamri (Langoni, Lamu)

Assalaam aleikum. Nimekuwa nikiwasoma kimya kimya hapa jukwaani tangu mimba ya kwanza, leo imebidi nitoke.

Nina miezi mitano na siku kadhaa. Hii ni ya pili. Ya kwanza niliibeba kama sijabeba kitu, nilikula kila kilichowekwa mbele yangu. Hii imekuja na sheria zake. Miezi mitatu ya mwanzo ilikuwa kigegezi tupu. Kazi yangu ni mahamri: saa kumi alfajiri niko jikoni, karai liko motoni, iliki na nazi zinanukia mpaka kichochoroni, na kwa miaka sita harufu hiyo nimeipenda kama uturi. Mimba ilipoingia, iliki ikawa adui. Nilikuwa nakaanga huku nimejifunga mtandio puani, wateja wakidhani nimeanza kuvaa ninja. Na mtu akipara samaki nyumba ya tatu, mimi huku natafuta ndoo.

Kigegezi kimekwisha, alhamdulillahi. Kilichobaki ni damu. Kliniki ya kwanza, nikiwa na miezi mitatu, nilipimwa damu nikaambiwa 10.1. Nikapewa vidonge vya damu, kimoja kwa siku. Juzi nimerudi: 9.3. Nesi akanitazama kwa yale macho ya "wewe vidonge unavitupa". Wallahi sivitupi. Siku moja moja nasahau, sitasema uongo, lakini nameza. Akaniambia "kula vyakula vya kuongeza damu", akaita jina la mwingine. Foleni ilikuwa imefika nje juani, simlaumu sana. Lakini vyakula gani? Kila mtu ana orodha yake.

Na hapo ndipo penye kazi, kwa sababu mimi ni wa Faza, nimeolewa hapa, na jiko ni la mavyaa, mamake mume wangu. Mavyaa ananipenda, hilo nalisema mapema asije mtu akamtukana. Lakini ana makatazo. Mayai hataki niyaguse, mtoto atatoka hana nywele. Nanasi hapana, papai hapana. Pweza ndiyo usiseme: eti mtoto ataiga pweza, siku ya kuzaliwa atang'ang'ania humo humo hatoki. Kula usiku sana pia hapana, mtoto atakuwa mkubwa nipasuliwe. Anachonipa kwa mkono wake mwenyewe ni mchuzi wa papa na wali wa nazi, na kila Ijumaa maini.

Siku yangu inakwenda hivi. Alfajiri kabla ya kuwasha moto, kikombe cha chai ya rangi na tangawizi. Saa mbili, wateja wakipungua, mahamri mawili yaliyovunjika, mbaazi, na chai ya maziwa. Saa saba wali na mchuzi, mara papa, mara kunde za nazi. Alasiri chai tena. Usiku mkate wa mofa na maziwa, au uji wa mtama. Sijihisi nina njaa. Najihisi nimechoka. Nikipanda ngazi kwenda darini napumzika katikati kama bibi, na nikiinuka ghafla naona kisunzi.

Sasa lililonifanya niandike usiku huu ni aibu kidogo. Natafuna mchele mbichi. Nikikaa na uteo kuchagua mchele, nusu kikombe kinaingia kinywani. Nakula mpaka taya linauma. Na kuna la pili. Chumba chetu kina ukuta wa zamani wa mawe na chokaa, ile inayomeguka. Mvua ikinyesha ukuta ukanuka ule unyevu, mate yananijaa. Wiki iliyopita nilijikuta nakwangua kwa ukucha. Nimelamba. Mume wangu aliingia nikasingizia nafuta buibui.

Nifanye nini? Na Ramadhani hiyo inakuja, itanikuta na miezi saba.

Ummu Anas (Malindi)

Waaleikum salaam dada. Mayai kula! Mimi wa pili nilikula mawili kila siku ya Mungu na alitoka na nywele zimefika kwenye nyusi, mkunga akacheka akasema huyu tumpeleke kinyozi.

Kwa damu mimi nilisaidiwa na bitiruti. Saga, chuja, kunywa kikombe asubuhi. Na maini usingoje Ijumaa, kula kila siku kama unayapata. Huo ukuta sasa, dada yangu, pole. Mimi nilikuwa nanusa mafuta ya taa.

Nesi wa Barani (Malindi)

Mimi ni nesi na mkunga, miaka kumi na tisa wodi ya wazazi na kliniki. Kabla sijasema neno nakuuliza mambo matatu, unijibu kwa ukweli kama ulivyojibu kuhusu ukuta.

Kidonge unakimeza saa ngapi? Unakimeza na nini? Na chai, ukihesabu vikombe vyote kwa siku, ni vingapi?

Mpika Mahamri

Nameza saa mbili, wakati wa mahamri. Mwanzo nilikuwa nameza na maji, kikawa kinarudi. Nikagundua nikimeza na chai ya maziwa yenye sukari kinakaa. Tangu hapo ni hivyo.

Vikombe... nimekaa nikahesabu. Alfajiri kimoja. Saa mbili viwili. Saa nne akija wifi yangu kuchukua hesabu ya mahamri, kimoja. Alasiri kimoja au viwili. Usiku wakipika na mimi nakunywa. Yaani sita. Saba siku ya wageni. Kwani chai ina nini?

Nesi wa Barani

Nilijua. Sikucheki, nimewaona wengi. Kidonge unakimeza, na chai inakizuia kisiingie.

Nikueleze taratibu. Kidonge chako, kama ni kile cha kawaida cha kliniki zetu, kina miligramu 60 za madini ya chuma na mikrogramu 400 za foliki, vitamini ya kujenga damu. Chuma ndicho kinachotengeneza ile rangi nyekundu ya damu inayobeba hewa. Lakini chuma cha kidonge, na cha mboga na kunde, ni kigumu kupokelewa na utumbo. Chai, ya rangi au ya maziwa, ina tanini. Tanini inakikamata chuma tumboni, vinashikana, vinapita pamoja hadi chooni. Maziwa nayo yana madini yake, kalsiamu, yanayogombania mlango na chuma. Kwa hiyo wewe ulikuwa unakipeleka kidonge mlangoni na walinzi wawili wa kukifukuza. Kahawa ni hivyo hivyo.

Kinachokisaidia ni vitu vichachu vyenye vitamini C. Ndimu, limau, chungwa, pera, embe. Sasa hivi ni msimu wa maembe, kisiwa kizima kinanuka embe, una bahati.

Fanya hivi. Kidonge kihamishe usiku, ukitaka kulala, yakiwa yamepita masaa mawili au zaidi tangu chakula na maziwa. Usingizi utameza kile kigegezi. Nywea maji yaliyokamuliwa ndimu. Kikikusumbua bado, kula kipande cha embe au ndizi kwanza. Ni bora kiingie na chakula kidogo kuliko kisiingie. Choo kitakuwa cheusi, usishtuke. Choo kikiwa kigumu, ongeza maji na matunda, usiache kidonge.

Chai sikukatazi. Mwambao huu ukimwambia mtu aache chai atakuona adui. Punguza iwe viwili, na iwe katikati ya milo: muda wa saa moja na zaidi kabla au baada ya chakula. Mahamri na mbaazi vile bila chai hapo hapo. Unga wa ngano wa pakiti hapa Kenya unatiwa chuma na foliki kwa sheria tangu 2012, kwa hiyo hata hamri lako lina kitu, ila unakiosha na chai.

Sasa vyakula. Ndugu yangu Ummu Anas ataniwia radhi. Bitiruti si mbaya, ina foliki, lakini chuma chake ni kidogo; wekundu wake haugeuki damu. Na maini kila siku HAPANA. Maini yana chuma, kweli, lakini yamejaa vitamini A, na ile ikizidi inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, hasa miezi ya mwanzo. Uingereza waja wazito wanaambiwa wasiyale kabisa. Mimi kwa mtu mwenye damu chache namwambia kipande kidogo, kisizidi mara moja kwa wiki. Ijumaa ya mavyaa wako yatosha, na kipande kiwe cha kiganja, si sahani.

Chuma kinachopokelewa kirahisi kimo kwenye nyama, kuku, samaki, pweza, chaza. Na kitu hiki wengi hawakijui: nyama au samaki ukivitia pamoja na kunde, mbaazi, pojo au mchicha, vinavuta na kile chuma cha mboga kiingie. Kwa hiyo kunde za nazi na kipande cha samaki sahani moja, ndimu juu, kachumbari ya nyanya pembeni, hapo umepika dawa. Mayai hayapandishi damu kama watu wanavyosema, lakini yanajenga mwili wa mtoto na ubongo wake. Yale, yaive hasa, kiini kisiwe majimaji. Habari ya nywele haina msingi.

Kuhusu mchele na ukuta. Hiyo hamu mara nyingi inakuja kwa mtu ambaye chuma kimemwishia. Si wazimu wala si shetani. Lakini inageuka mduara: mchele mbichi unazuia chuma, chuma kikipungua hamu inazidi. Chokaa inaweza kukuletea minyoo na uchafu, na kama ukuta umewahi kupakwa rangi za zamani, kuna hatari ya madini ya risasi, hayo yanamfikia mtoto. Damu ikipanda hamu hupungua yenyewe. Kwa sasa weka kipande cha barafu au cha embe bichi karibu na uteo.

Sharti mbili za mwisho. Moja, rudi kliniki, uwaambie habari ya chai na habari ya mchele kwa mdomo wako. Ukiwa chini ya 11 kwa kawaida dozi ya chuma huongezwa hadi miligramu 120 kwa siku, lakini wa kuamua ni aliyekupima. Waulize pia kupima choo na malaria, na dawa ya minyoo, maana mtu anaweza kumwaga ndani ya ndoo yenye tundu. Mbili, moyo ukikuenda mbio umekaa tu, pumzi ikakukata, ukazimia au ukaona damu, usingoje siku ya kliniki.

Na usijilaumu kwa 9.3 yote. Miezi hii ya kati mwili unaongeza maji ya damu kuliko chembe, kila mja mzito anashuka kidogo.

Mpika Mahamri

Subhanallah. Miezi miwili nakunywa dawa na kuiosha. Hakuna aliyeniuliza nameza na nini.

Mvuvi Mstaafu (Shela ya Malindi)

Samahani nimeingia majlis ya akina mama, lakini nimesikia papa.

Nimevua miaka thelathini, na miaka minane ya mwisho nilikuwa kwenye mashua za wazungu wanaofuata sulisuli na nduwaro nje ya Malindi. Mzungu mmoja mkewe alikuwa na mimba, hakumruhusu aonje hata kipande. Nilidhani ni deko. Nikaja kuelezwa: samaki mkubwa anayekula samaki wenzake, na akaishi miaka mingi, anakusanya zebaki mwilini. Papa, sulisuli, nduwaro, jodari wale wakubwa. Kupika hakuiondoi. Kwa mtu mzima si neno kubwa, kwa mtoto aliye tumboni inaharibu ubongo unaojengwa.

Dada, mwambie mama mkwe kwa adabu papa apumzike hadi ujifungue. Ng'onda wa papa, yule aliyekaushwa, pia, na ule una chumvi tele. Kula samaki wadogo: vibua, simu, dagaa, tasi, changu. Hao ni salama na ni bei nafuu, na dagaa unawala na mifupa yao. Kaskazi hii imeanza, bahari imetulia, samaki wapo. Ukingoja kusi utalia na bei.

Pweza nimemkata maelfu, mke wangu amezaa saba, hakuna hata mmoja aliyeng'ang'ania.

Nesi wa Barani

Mvuvi umesema kweli tupu. Nyongeza: asiache samaki kwa kuogopa zebaki. Mara mbili tatu kwa wiki wale wadogo, vizuri kabisa.

Mama Shamba (Mpeketoni)

Mimi nalima papai na nanasi Mpeketoni, mengine yanavuka kuja kwenu sokoni, kwa hiyo natetea biashara yangu, haha. Nilimuuliza daktari wa kijiji chetu. Papai bivu halina tatizo. Bichi lenye utomvu mweupe ndilo la kuacha, kwa hiyo achari ya papai bichi acha. Nanasi vipande viwili havitoi mimba ya mtu. Ingekuwa hivyo sisi wakulima tusingekuwa na watoto.

Mchicha nao ule, lakini uoshe vizuri sana, na usichemshe ukamwaga maji yake.

Bi Mkubwa (Mkomani, Lamu)

Mwanangu, ni mjukuu andikao, miye nasema tu, mato yangu hayaoni herufi za simu. Mjukuu anacheka lakini nimemwambia asinisahihishe.

Nimesoma, yaani nimesomewa, yote. Nesi amesema vyema. Lakini hamkumfundisha huyu mtoto ndia ya kusema na mavyaa wake. Ataingia jikoni leo aseme, papa wako una sumu, mayai yako uwongo, maini yako yapunguze. Nyumba itakalika hiyo?

Mavyaa wako hakuyatunga. Mamake alimwambia, na mamake akaambiwa na mamake. Miye nadhani, na hii ni dhana yangu, zamani kuku walikuwa wachache, yai likawa la mgeni na la mwanamume, mwanamke akatafutiwa sababu ya kutolila. Na habari ya mtoto kuwa mkubwa ilikuwa na maana yake. Hakukuwa na wa kupasua. Mtoto akikwama, mama alikufa. Nimeona kwa mato yangu. Kwa hiyo usimcheke. Ila siku hizi hospitali iko, na mtoto mdogo mwenye ndaa ni taabu pia. Ule mlo mmoja zaidi kwa siku, mdogo, si sahani ya watu wawili.

Basi fanya hivi. Mtie mavyaa kwenye jambo. Mwambie: Mama, nesi amesema chakula chako hakina kosa, kosa ni chai yangu. Hilo ni kweli na halimvunjii heshima. Halafu mwombe akukamulie ndimu. Mpe kazi. Mwanamke mzee akipewa kazi ya kulinda mimba, hulala mlangoni.

Papa mwambie nesi kakataza, usiseme mvuvi, mavyaa hamsikii mvuvi. Pweza mwachie, usimpige vita kwa pweza. Kuna chaza. Bamvua likiya, mayi yakitoka, wanawake wa Matondoni hutoa chaza kwenye mizizi ya mikoko. Wapike mpaka waive hasa, usile mbichi hata mmoja. Miye niliwala mimba zote tano.

Ramadhani. Mja mzito akihofia nafsi yake au mtoto ana ruhusa ya kula, na atalipa. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, akila kwa kujihofia yeye mwenyewe, analipa siku zake tu. Akila kwa kumhofia mtoto peke yake, analipa siku na anatoa fidya, kibaba cha chakula kwa maskini kwa kila siku moya. Muulize sheikh wako, kisha muulize nesi damu yako ni ngapi wakati huo, na umpelekee sheikh jawabu la nesi. Usifunge kwa kuwaonea haya watu.

Na huo ukuta ni nyumba ya wenyewe, usiule.

Ummu Anas

Bi Mkubwa ningekuwa nawe karibu ningekuja kukubusu mkono. Na mimi nimekoma na maini yangu, nesi.

Mpika Mahamri

Nimewaandikia baada ya wiki sita, msamaha. Mahamri ya harusi mbili na mtoto kuugua sikio.

Nilifanya kama alivyosema Bi Mkubwa. Nilimkuta mavyaa anakuna nazi, nikakaa chini, nikamwambia: Mama, nesi amesema tatizo ni chai. Akaacha kukuna. Akaniuliza, chai hii hii? Nikamweleza kama nilivyoelezwa, chuma, tanini, mlango, walinzi. Akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Ndiyo maana miye mimba ya babake Swabra nilianguka msikitini." Kumbe na yeye. Vikombe vyake havihesabiki.

Nilidhani nimemaliza. Lo! Nimejitafutia askari. Birika sasa linafichwa nyuma ya gunia la unga. Wifi akija saa nne anapewa chai barazani, si jikoni, nisisikie harufu. Juzi mgeni kanikaribisha kikombe, mavyaa akamjibu kabla sijafungua mdomo: "Huyu hanywi, ana damu." Mgeni wa watu akaondoka hajui ameambiwa nini. Chai yangu ni mbili, saa tano na saa kumi na moja, na anaangalia saa ya ukutani.

Ndimu anakamua yeye. Kila usiku saa nne naletewa glasi na kidonge juu ya kisahani kama mgeni wa heshima. Kliniki waliniongezea dozi, viwili kwa siku, na cha pili nameza saa tisa na nusu na embe. Walipima choo, minyoo ilikuwepo, nikapewa dawa. Malaria hakuna. Yule nesi wa kwanza ndiye aliyenipima tena, nikamweleza habari ya chai, akasema ataanza kuwauliza wengine. Sikumwambia chochote zaidi.

Papa alikubali kumwacha siku ile ile, nilipotaja ubongo wa mtoto. Mayai imechukua wiki tatu. Kilichomgeuza si nesi wala mimi. Mjukuu wa jirani amezaliwa kipara kabisa, na mamake ni yule ambaye mayai hata harufu yake hataki. Mavyaa alirudi kutoka kumtazama mtoto, akapitia dukani, akaja na mayai manne kwenye ukaya. Hakusema neno. Akayachemsha mpaka yakawa mpira.

Pweza bado. Nilijaribu, akanitazama, nikaacha. Nakula kwa wifi Jumapili, amepikwa na nazi na ndimu, na wifi ananipakulia huku anachungulia kichochoroni.

Damu nimepimwa Jumatano: 10.6. Bado haijafika 11 lakini ngazi napanda bila kusimama. Daktari amesema Ramadhani nisifunge, na sheikh amesema vivyo hivyo, nitalipa mtoto akishaacha ziwa inshallah.

Bi Mkubwa, ukuta sijaugusa tangu wiki mbili. Mvua ilinyesha juzi nikaunusa tu, nikatoka nje. Mchele bado kidogo, nikiuchagua nahesabu punje. Jana zilikuwa tano.

Bi Mkubwa

Tano nyingi. Na uniletee mahamri, ya kuvunjika hayo hayo, Mkomani si mbali. Chai ntakunywa peke yangu.